Chini ya Mstari wa Mwalimu Shekue

Tulimzika Hamisi kule Kwedizinga siku ya Jumatano, na tangu nirudi Handeni sijaweza kukaa kwenye kiti muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai. Nikikaa nakumbuka kitu jikoni. Nikifika jikoni nasahau nilichofuata, narudi sebuleni, nafungua dirisha, nalifunga. Pale msibani nilikaa na wanawake kwenye mkeka, uani, na wanaume waliporudi kutoka makaburini mjane wake akanishika mkono akaniomba niseme neno kwa niaba ya watu wa kazini. Nikasimama. Nikasema marehemu alikuwa mtu wa kazi, mpole, na kwamba jicho lake kwenye hadubini sijaliona kwa mwingine katika wilaya yetu. Yote ni kweli. Nikakaa, nikapewa sahani ya wali na maharage, nikaanza kula. Mama mmoja aliyekuwa pembeni yangu akaniuliza, "Ulikuwa naye tangu chuoni?" Nikamjibu, "Tangu chuoni, mama." Akatikisa kichwa kwa heshima, kana kwamba kumjua mtu kwa muda mrefu ni sawa na kumtendea wema. Hapo chakula kikanishinda. Sikusema pale nilichotakiwa kusema, na wala pasingekuwa mahali pake. Ndiyo maana nauandika mwaka ule hapa, nao nauhesabu kuanzia masika hadi masika, mwaka wangu wa mwisho chuoni Korogwe na miezi yangu ya kwanza hapa Handeni.

Chuo chetu kilikuwa majengo matatu ya mabati, na maabara ya mafunzo zamani ilikuwa ghala la mkonge. Ukipitisha mkono kwenye kona za dirisha ulitoka na nyuzi zake. Bwenini nililala chumba kimoja na Zaina, msichana wa Muheza aliyesoma kwa sauti na kulala kwa sauti. Jumatatu tulipewa makande, Ijumaa wali, siku nyingine zote bada na dagaa, ule ugali wa muhogo unaoteleza kooni kabla hujaamua kuumeza. Hamisi alikuwa mkubwa kuliko sote kwa miaka zaidi ya kumi. Alikuwa ameshafanya kazi miaka mingi hospitali ya Handeni kama mhudumu wa maabara, yaani mtu wa kuosha slaidi na chupa, na kwa sababu ambayo hata yeye hakuweza kuieleza vizuri, alijizoesha kuziangalia slaidi kabla ya kuziosha. Hospitali ikamruhusu akasome. Darasani alikaa nyuma, kalamu ikienda polepole, kwa sababu mitihani iliandikwa kwa Kiingereza na Kiingereza chake kilikuwa cha kutafuta neno mojamoja. Lakini tukiingia kwenye vitendo sote tulijipanga nyuma ya kiti chake. "Kaka Hamisi, hiki nacho ni nini?" Anainama, anazungusha kidogo, anasema, "Hicho ni uchafu wa rangi. Mdudu ana haya, hajionyeshi hivyo. Mtafute pembeni."

Kumaliza chuo hakukutosha. Baada ya mitihani ya chuo kulikuwa na mtihani wa leseni, unaotungwa na watu wasiotujua, na bila leseni hukuruhusiwa kusaini jibu la mgonjwa yeyote. Waliotutangulia walikuwa wameanguka vibaya. Mwalimu Shekue, aliyetufundisha kemia ya damu, alilichukua jambo lile kama msiba wa nyumbani kwake. Alikuwa mtu wa Mashewa, mwembamba, penseli sikioni siku zote, na wakati wa likizo alikwenda kuwatafuta baadhi ya wale walioanguka huko walikorudi. Mmoja alimkuta anauza mitumba gulioni, akajificha nyuma ya nguo zake asionekane na mwalimu. Alitusimulia hilo mara moja tu, akiwa ametupa mgongo, anafuta ubao ambao ulikuwa umeshafutwa.

Siku moja mwezi wa tatu nilikuwa stoo, nabandika lebo mpya kwenye chupa za dawa, kazi niliyopewa kwa sababu ya mwandiko wangu. Kati ya stoo na ofisi kulikuwa na ukuta wa mbao tu. Nikamsikia mkuu wa chuo akisema, "Mwaka huu wakianguka kama wenzao, hatupewi kibali cha kupokea wapya. Tutakuwa tunafundisha viti, mwalimu."

"Naelewa," akajibu Mwalimu Shekue.

"Basi tusipeleke wa kuanguka. Wewe si una ile hesabu yako?"

"Ile hesabu niliitengeneza nijue nani wa kusaidiwa."

"Wasaidie. Wasaidie wakiwa nyumbani kwao, duru ijayo tutaona."

Kiti kikaburutwa. Mimi nilikuwa nimeshika chupa na lebo imeninata kidoleni, sithubutu kuibandua isije ikalia.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu Shekue akaniita. "Skola, mwandiko wako unasomeka. Njoo unisaidie kujaza." Ofisi yake ilikuwa chumba cha meza moja, kalenda ya zamani na chupa ya chai yenye kizibo cha gunzi. Akanieleza hesabu ile kwa utulivu, kama anavyoeleza somo. Alikuwa amechukua matokeo ya madarasa matatu ya nyuma, akaangalia waliopita mtihani wa leseni walikuwa na nini kabla, na walioanguka walikuwa na nini. Akaona kwamba Kemia na Baiolojia za kidato cha nne zilisema mengi. Alama za mwaka wa pili zilisema zaidi, na mtihani wa majaribio vilevile. Kila kitu akakipa uzito wake. Vitendo alivipa uzito mdogo kabisa. Nikamuuliza kwa nini, maana ndiyo kazi yenyewe. "Kwa sababu vitendo kila mtu tulimpa alama nzuri," akasema. "Aliyepita anazo, aliyeanguka anazo. Havinitenganishii mtu." Akachora mstari kwa wino mwekundu: hamsini na tano. Aliye juu ataandikishwa. Aliye chini atasubiri. Akaniachia karatasi za alama na kikokotoo, akaenda alikoitwa na mkuu wa chuo.

Nikajaza kwa mpangilio wa majina ya ukoo. Nilipofika kwenye jina langu nikapiga hesabu, nikaipiga tena, nikaipiga mara ya tatu kwa penseli bila kikokotoo. Hamsini na moja. Nakumbuka nilicheka kidogo, cheko la mtu aliyekanyaga mahali alipodhani pana ngazi. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa kuitwa kubandika lebo, wa kuazimwa madaftari. Mwaka wa pili niliugua muhula mzima, alama yangu ya Kemia ilikuwa arobaini na tatu, na arobaini na tatu ile ilikuwa inanivuta chini kama jiwe mfukoni. Nje walikuwa wanacheza mpira, nasikia wanavyoitana. Nikachukua kalamu. Nne ikawa sita, kwa mkunjo mmoja tu. Jumla ikafika hamsini na sita. Sikusali wala sikutetemeka, nikaendelea na jina lililofuata.

Majina kadhaa baadaye nikafika kwa Hamisi. Kidato cha nne alikimaliza zamani sana, Kemia alama ya chini kabisa. Hilo lilikwisha kabla hatujamfahamu, wala hakuna usiku wa kusoma ambao ungelirudisha nyuma likabadilika. Vitendo, karibu mia. Uzito wa vitendo, karibu sifuri. Jumla hamsini na mbili. Kalamu ilikuwa bado mkononi mwangu, ileile, na mkunjo nilikuwa nimeshaujua. Nimejiambia mambo mengi tangu siku ile: kwamba karatasi yenye marekebisho mawili ingegundulika, kwamba nilisikia hatua mlangoni. Hatua hazikuwepo. Ukweli ni kwamba kuhusu mimi sikuiamini ile hesabu hata kidogo, na kuhusu yeye niliiamini palepale. Niliona kalamu yake inavyokwenda polepole kule nyuma nikasema, kweli, huyu ataanguka. Nikaandika hamsini na mbili kwa mwandiko wangu mzuri, nikapiga mstari.

Majina tisa yakasomwa mbele ya darasa, na mkuu wa chuo akayaita "ndugu watakaopumzika duru hii." Msichana mmoja alilia. Hamisi aliposikia jina lake aliitika "Ndiyo," kama anaitwa kwenye mahudhurio. Mchana wake nilimkuta nje ya bweni la wanaume anafunga sanduku kwa kamba. Nikamwambia, "Pole, kaka." Akasema, "Mimi nilijua. Kiingereza kile kingenimaliza." Halafu akanyoosha mgongo akanitazama. "Ila ningependa kuuona huo mtihani wenyewe unafananaje. Kuuona tu." Akanipa mkono. "Nyie mkafanye vizuri." Sikumsindikiza stendi. Nilisema nina kipindi, na kweli nilikuwa nacho, baada ya saa mbili.

Nilisoma miezi ile kwa hofu, maana wa juu ya mstari nilikuwa kwa jina tu. Nilisoma nimesimama, daftari limeegemezwa dirishani, na nikichoka kusimama natembea kati ya vitanda. "Skola, kaa chini, unanitia kizunguzungu," Zaina alilalamika. Nilikuwa naamka kabla ya adhana ya alfajiri nikiwa nimeshaanza kukariri, katikati ya sentensi, kama mtu aliyekuwa anazungumza usingizini na sasa anamalizia. Bada ikanishinda, nikawa naishi kwa chai na machungwa. Tukafanya mtihani mwezi wa sita. Majibu yalipobandikwa, jina langu lilikuwepo, si juu sana, si chini sana. Zaina alipita. Wawili kati ya waliokuwa wamekadiriwa kupita bila wasiwasi walianguka, na mmoja wao alikuwa ndiye wa kwanza kabisa katika orodha ya Mwalimu Shekue. Mkuu wa chuo alifurahi. Nikabaki nimesimama mbele ya ule ubao mpaka watu wote wakaondoka, nikitafuta furaha ambayo nilijua ipo mahali fulani.

Mwezi wa nane nikapata nafasi ya kujitolea hospitali ya Handeni. Sikuwa nimefikiri kwamba ndiko Hamisi alikorudi, au nilikuwa nimefikiri nikajificha nisijione. Nilipoingia maabara asubuhi ya kwanza, Hamisi alikuwa kwenye sinki, mikono ndani ya povu. Akageuka, akajifuta, akasema, "Karibu, mtaalamu." Hakuwa ananidhihaki, lakini afadhali angenidhihaki. Akanionyesha kiti changu, hadubini yangu na ile skrubu inayoteleza, na jinsi ya kuweka kipande cha karatasi chini ya mguu wa meza isicheze. Mimi nilisoma slaidi na kusaini. Yeye alipaka rangi, akakausha, akapanga, akaosha. Saa nne tulikwenda kwa mama mmoja nje ya geti aliyeuza muhogo wa kukaanga na chai ya maziwa, na pale Hamisi alizungumza na kila mtu Kizigua, akicheka, mtu mwingine kabisa. Mimi nilikunywa chai yangu haraka nikarudi ndani. Nikagundua kwamba nilikuwa nakwepa kukaa naye mahali ambapo hakuna kazi katikati yetu.

Mwezi uliopita, kabla Hamisi hajaugua, nilikwenda Korogwe kusimamia vitendo vya wanafunzi, kazi ninayoifanya sasa kila mwaka. Mwalimu kijana, mtu mwema, mwenye bidii, akanifungulia kompyuta akanionyesha majina yenye rangi. Kijani watapita mtihani wa leseni, njano wana mashaka, wekundu wataanguka. Mashine imejifunza kutoka kwa matokeo ya miaka mingi, akasema, na inakosea mara chache. Akaichapa orodha, akataka nisaini ukurasa wa mwisho kama msimamizi wa nje. Nikamuuliza, "Hawa wekundu mtawafanyaje?" "Masomo ya ziada, mama." "Na mkuu wako akisema wasiandikishwe?" Akaifunga kompyuta taratibu. Hakuwa amelifikiria, au alikuwa amelifikiria. Ile karatasi ninayo hapa mezani, sijaisaini wala sijairudisha. Siipingi hesabu. Ukiniuliza kama yafaa kujua mapema nani anazama, nitasema yafaa sana, na mashine ile ni bora kuliko kikokotoo changu. Lakini najua kitu ambacho yule kijana hakijui: jinsi mtu anavyobadilika machoni pako ukishaiona namba yake, na jinsi unavyokoma kumtazama.

Mwezi wa kumi mwaka ule aliletwa mama wa Kimasai kutoka upande wa Kilindi, homa inampanda, inamwachia, inampanda tena, hii ikiwa mara ya tatu. Amekonda, macho ya manjano, mumewe amesimama mlangoni na fimbo yake hajui aiweke wapi. Nikasoma slaidi yake kwa uangalifu nikitafuta wadudu wa malaria. Hakuna. Nikatafuta tena. Hakuna. Nikaandika hakuna, nikasaini, jibu likaenda wodini. Jioni, nikiwa navua koti, Hamisi aliniita kutoka kwenye sinki kwa sauti ya chini. "Dada Skola. Hii sijaiosha." Alikuwa ameshika slaidi kwa ncha za vidole. "Ulitafuta ndani ya chembe za damu. Tazama kati ya chembe na chembe." Nikaiweka, nikainama. Mwanzoni niliona yaleyale niliyoyaona mchana. Kisha mmoja akajitokeza, kama uzi uliosokotwa, mwembamba, wa zambarau, na nilipomwona mmoja nikawaona wote, slaidi nzima imejaa. Homa ya papasi, ile iletwayo na kupe wa nyumba za udongo. Tulisoma chuoni, nilichora mchoro wake, na kwenye mtihani wa leseni niliulizwa nikajibu sawasawa. Nilikimbia wodini na karatasi mpya mkononi, na daktari wa zamu akamwanzishia dawa usiku uleule. Siku ya nne yule mama alikuwa amekaa nje juani, anakunywa uji, mumewe kachuchumaa karibu yake.

Siku hiyo ya nne nikamwambia Hamisi. Tulikuwa wawili maabara, mvua za vuli zinapiga bati, nikalazimika kusema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. Nikamwambia yote: stoo, Jumamosi, kikokotoo, nne kuwa sita. Alikuwa anaosha, akaendelea kuosha.

"Langu uliliona?" akauliza.

"Nililiona. Niliandika mimi."

"Ilikuwa ngapi?"

"Hamsini na mbili."

"Na lako, kabla hujalibadilisha?"

"Hamsini na moja."

Akasimamisha mikono ndani ya maji. "Kwa hiyo nilikuzidi," akasema.

Nikasema ndiyo. Akasuuza slaidi iliyokuwa mkononi, akaiweka kwenye rafu, akachukua nyingine. Hakuniuliza kwa nini. Kwa siku sita hatukuzungumza ila ya kazi, na aliniita mtaalamu, na zamu hii neno lile lilikuwa na uzito wake kamili. Siku ya saba nikaomba ruhusa nikapanda basi la Korogwe.

Nilimkuta Mwalimu Shekue ofisini kwake anasahihisha. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, Skola. Mtaalamu wa Handeni." Nilikuwa nimejiandaa kusema nikiwa nimeketi, nikajikuta nimebaki wima, nashika mgongo wa kiti. Nilipomaliza alichomoa kizibo cha gunzi kwenye chupa ya chai. Akauliza, "Ningekuacha chini ya mstari, ingekuwaje?"

"Nisingefanya mtihani, mwalimu."

"Na umepita."

"Nimepita."

"Basi kosa lilikuwemo kwenye hesabu kabla hujaiharibu." Akaweka kizibo. "Unajua nilichokuwa nataka? Mtu akianguka mara moja, anapungua. Nimewaona. Nilitaka kuwakinga na kule kupungua." Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie. "Huyu mwenzako sasa hivi anafanya nini?"

"Anaosha slaidi ninazosoma mimi. Na anaona nisivyoviona."

Akavua penseli sikioni, akaitazama ncha yake, akairudisha. Akasema atampeleka Hamisi kwenye duru ya mwezi wa kumi na mbili, na wale wanane wengine wakitaka, na kwamba yeye mwenyewe atamkabili mkuu wa chuo. Kisha akasukuma karatasi tupu upande wangu. "Wewe yaandike hayo uliyoniambia. Saini." Nikaandika, kwa mwandiko uleule. Akaikunja akaiweka kwenye droo. Nikauliza ataipeleka wapi. "Nitakaa nayo," akasema. Mwalimu Shekue alifariki miaka mingi iliyopita na sikuwahi kujua alikaa nayo mpaka lini. Kwa muda mrefu kila bahasha ya serikali iliyofika kwa jina langu niliifungua nimesimama.

Hamisi hakushukuru, wala sikutarajia. Nilipomweleza aliyosema mwalimu, alisema, "Na kama mwalimu hakukosea kuhusu mimi?" Lakini kesho yake alileta daftari. Tukawa tunakaa baada ya kazi kwenye meza ile ya mguu wa karatasi, mimi nasoma maswali kwa Kiingereza, yeye anayajibu kwa Kiswahili bila kukosea, halafu tunaanza safari ndefu ya kuyavusha majibu yale kwenda lugha nyingine. Wakati mwingine alikasirika, akasukuma daftari, akaenda kuosha chupa zilizokuwa safi. Mimi nilitembea kutoka dirishani hadi mlangoni nikimsubiri arudi. Polepole akaanza tena kuniita dada. Mwezi wa kumi na mbili akaenda Korogwe na koti alilopiga pasi mwenyewe.

Nitasema mapema, ili msomaji asikae roho juu: leseni aliipata, lakini baadaye sana, jaribio la tatu, na baada ya hapo tulikaa viti jirani miaka yote iliyobaki, yeye akisaini yake na mimi yangu. Orodha ya wino mwekundu haikutumika tena chuoni kumzuia mtu, angalau kwa kipindi chote Mwalimu Shekue alichokuwa hai. Lakini mwaka ninaousimulia hauishii kwenye leseni. Unaishia asubuhi moja masika yanakaribia, bahasha ilipofika. Hamisi aliifungua kwa ncha ya mkasi, akaisoma, akanipa. Vitendo alikuwa amepata alama ambayo sijaiona kwa mtu mwingine hadi leo. Karatasi ya kuandika alianguka kwa alama tatu. Hesabu ya mwalimu ilikuwa imemkadiria sawasawa.

Nilikaa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kukaa bila kutaka kuinuka. Nikaanza kusema pole, nikaanza kusema ni mimi niliyekuingiza katika hili, na mengine ambayo siyakumbuki. Hamisi alinyoosha mkono akaichukua barua, akaikunja mara mbili, akaitia mfuko wa koti, upande wa kifua.

"Nimeuona," akasema. "Si mgumu kama nilivyodhani. Swali la nne nililielewa vibaya, la saba muda uliniishia." Alifikiri kidogo. "Zamu hii nimeanguka mwenyewe, Skola. Sio kuangushwa na mtu mezani."

Kisha akavuta kiti, si kile chake cha sinki, akakileta mezani upande wangu, akauliza duru inayofuata inaanza kuandikisha lini.